Ukali wa kinywaji si cheti

Mnunuzi anayeingia duka la vinywaji Munuki, upande wa magharibi wa jiji la Juba, kwa kawaida huuliza maswali mawili tu. La kwanza ni bei. La pili ni kama kinywaji ni kali. Akijibiwa kuwa ni kali, na ulimi wake ukithibitisha, biashara imekwisha. Muuza duka naye hutumia kipimo hichohicho anapopokea katoni kutoka kwa wakala: anafungua chupa moja, anaonja tone, anakunja uso na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Mzigo umepita.

Kipimo hicho kina kasoro, na kasoro hiyo imeua watu katika nchi zaidi ya moja ya Afrika Mashariki. Njia rahisi ya kuiona ni kuanza na kinywaji kisichotengenezwa hapa kabisa: bourbon, wiski ya mahindi ya Marekani, hasa ile yenye nguvu kubwa, ambayo mara mojamoja huonekana kwenye rafu karibu na jini ya Uganda na vodka ya Kenya.

Chupa ya kawaida ya wiski huwa na pombe asilimia 40. Bourbon kali huanzia asilimia 50 na nyingine hupita 60. Wamarekani wana kipimo chao wanachokiita prufu, ambacho ni asilimia hiyo mara mbili. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa prufu 100 ina pombe asilimia 50. Mwonjaji mzoefu haimimini kooni. Huinusa kwanza mdomo ukiwa wazi kidogo ili mvuke usimchome pua. Hunywa kiasi cha kulowesha ulimi tu. Kisha huongeza matone machache ya maji na kuonja tena. Katika mara ya kwanza anachohisi zaidi ni moto. Maji yakiingia, moto hupungua na ladha hujitokeza: vanila, sukari iliyoungua, moshi wa mbao, utamu wa mahindi.

Mwonjaji huyo anautenga ukali na ubora, na hapo ndipo Munuki ina la kujifunza. Moto unaochoma ulimi hautoki kwenye mahindi wala kwenye pipa. Unatoka kwenye pombe yenyewe, ambayo husisimua vipokezi vilevile vya mwilini vinavyohisi joto na pilipili. Kinywaji chochote chenye asilimia 50 kitachoma, kiwe kimekaa miaka minane kwenye pipa la mwaloni au kimechanganywa jana usiku kwenye ndoo ya plastiki. Kwa anayetaka kughushi kinywaji, ukali ndio kitu cha bei nafuu kuliko vyote. Rangi humsumbua kidogo, harufu humsumbua zaidi, lakini ukali haumsumbui hata kidogo.

Basi kwa nini ukali wa bourbon uaminiwe na wa jerikeni utiliwe shaka? Jibu liko kwenye sheria inayosimama nyuma ya lebo. Kwa sheria ya Marekani, kinywaji hakiitwi bourbon mpaka angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi. Hakiruhusiwi kukenekwa kupita asilimia 80. Kinaingia kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa kwa ndani kikiwa na pombe isiyozidi asilimia 62.5, na kinatiwa chupani kikiwa na angalau asilimia 40. Kuongeza rangi au ladha ni marufuku. Mnywaji hazijui namba hizi zote, wala hana haja ya kuzijua. Anachojua ni kwamba kuna mtu amezikagua kwa niaba yake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika karne ya 19 wiski ya Marekani iliuzwa kwa pipa, na kila mkono uliolipitisha pipa uliweza kulifungua. Wachanganyaji walichukua pombe tupu, wakaitia rangi na ladha, pengine maji ya tumbaku au iodini, na kuiuza kama wiski ya miaka mingi. Mwaka 1870, mfanyabiashara wa mji wa Louisville, George Garvin Brown, alianza kuuza bourbon yake, Old Forester, kwenye chupa zilizofungwa tu, maana aliona kuwa jina la bidhaa halina maana kama mfuniko uko wazi. Kisha tarehe 3 Machi 1897 likaja lililo kubwa zaidi: sheria ya wiski inayotiwa chupani chini ya ulinzi wa serikali. Mwenye kiwanda aliyetaka muhuri huo alipaswa kutoa wiski ya kiwanda kimoja na ya msimu mmoja, iliyokaa angalau miaka 4 kwenye ghala linalosimamiwa na maofisa wa serikali, na yenye asilimia 50 kamili. Aliyetimiza alipata stempu juu ya kizibo, pamoja na nafuu ya muda wa kulipa kodi.

Mambo mawili katika sheria hiyo yanamhusu moja kwa moja mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Nimule. Kwanza, ilisukumwa na wenye viwanda wenyewe, akiwemo Kanali Edmund Taylor wa Kentucky, kwa sababu bidhaa ghushi zilikuwa zikiwala faida. Pili, ilikuwa ya hiari. Hakuna aliyelazimishwa kuomba muhuri, lakini aliyeupata aliuza kwa bei nzuri na kwa usingizi mtulivu. Asilimia 50 ya chupa ile haikuwa majigambo ya ukali. Ilikuwa namba iliyopimwa na kutiwa saini.

Afrika Mashariki inajua gharama ya kukosa saini hiyo. Novemba 2000, mtaa wa Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi, pombe ya bei rahisi iliyoitwa kumi kumi iliua watu zaidi ya 100, na wengine wengi wakapofuka. Mwaka 2010, wilaya ya Kabale, Uganda, ilizika makumi ya watu waliokunywa waragi uliochanganywa na methanoli. Mei 2014 Kenya ilipoteza tena makumi ya watu katika kaunti kadhaa kwa wakati mmoja. Februari 2024 msiba ukaingia Kirinyaga. Nchi ni tofauti na miaka ni tofauti, lakini hadithi ni ileile: mtu alionja, akaona ni kali, akameza.

Methanoli ni pombe ya viwandani, inayotumika kwenye rangi, gundi na viyeyushi. Kwa macho ni kama maji, na kwa pua na ulimi hufanana mno na pombe ya kunywa. Mpishi wa kienyeji anayekeneka nafaka au muhogo kwa kawaida hatoi methanoli ya kiasi cha kuua kijiji. Vifo vya halaiki hutokea mtu anapoimimina makusudi ili kuongeza ujazo na ukali kwa gharama ndogo. Mwilini ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa macho. Hatari yake kubwa ni ukimya wake. Mnywaji anaweza kulala na kuamka akijiona ana uchovu wa kawaida wa kilevi. Dalili zenyewe, yaani kichwa kuuma sana, kutapika, maumivu ya tumbo na macho kuona ukungu mweupe, mara nyingi huja baada ya saa 12 hadi 24. Anayeona dalili hizo ni wa kukimbizwa hospitali saa ileile, maana tiba ipo na kila saa inayopita hupunguza nafasi ya kuokoa macho na uhai.

Wapo wanaoamini kuwa wana kipimo bora kuliko ulimi. Humwaga kijiko cha kinywaji na kukiwasha kiberiti. Moto wa buluu ukitokea, wanasema ni safi. Mbinu hiyo ni ya kale. Inasimuliwa kuwa Waingereza walilowesha baruti kwa kinywaji na kuiwasha, na ikishika moto waliamini kuwa pombe haijatiwa maji mengi; kipimo chao cha zamani kilisimama kwenye asilimia 57 hivi. Lakini moto hueleza kama kuna pombe ya kutosha, haielezi ni pombe gani. Methanoli nayo huwaka kwa moto wa buluu hafifu. Kutikisa chupa na kutazama mapovu kuna udhaifu uleule: mapovu hudokeza nguvu, hayadokezi sumu. Tena kinywaji cha asilimia 50 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 24 hivi, na Juba mchana hupita hapo kwa urahisi. Anayefanya jaribio hilo kwenye kibanda chenye jenereta anaweza kupoteza duka kabla hajajua lolote kuhusu mzigo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye chupa iliyofungwa msemo huo haufanyi kazi, kwani kizuri na kibaya vina sura moja, lebo moja na ukali mmoja. Kinachobaki kumlinda mnunuzi ni karatasi na muhuri, na hapa ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki inamwacha mfanyabiashara wa Munuki peke yake.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016. Mwaka huohuo kiwanda cha bia kilichofunguliwa Juba mwaka 2009, kilichotengeneza bia ya White Bull, kilifunga kwa uhaba wa fedha za kigeni. Tangu hapo Juba imetegemea zaidi vinywaji vinavyoingia kwa malori kupitia Elegu na Nimule, kisha kilomita 192 za lami hadi jijini. Nchi kadhaa za Jumuiya zina stempu zao za kielektroniki kwenye pombe: Kenya ilianza mwaka 2013, Tanzania na Uganda zikafuata mwaka 2019. Stempu hizo ni za kodi. Zinasema ushuru umelipwa katika nchi fulani. Kwa kuwa bidhaa inayouzwa nje kwa kawaida hailipiwi ushuru huo inakotoka, alama ambayo mnunuzi wa Gulu au Eldoret anaweza kuikagua ndiyo inayokosekana chupa inapovuka mpaka. Cheti cha uasili nacho kinasema chupa imetoka wapi. Hakisemi ndani yake mna nini.

Si kwamba sheria haipo. Jumuiya ina sheria ya mwaka 2006 ya viwango, ubora, vipimo na majaribio, na ina viwango vya pamoja vya wiski, jini, vodka na vinywaji vingine vikali. Nia yake ni kwamba alama ya ubora iliyotolewa na shirika la viwango la nchi moja itambuliwe na nyingine. Pengo liko kati ya maandishi na barabara. Wafanyabiashara wa nafaka wanalijua vizuri. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na Mei 2023 malori ya mahindi kutoka Uganda yalizuiliwa upande wa Sudan Kusini kwa sababu hiyohiyo. Katika visa vyote viwili wenye mzigo safi na wenye mzigo mchafu waliteseka pamoja, kwa kuwa hapakuwa na karatasi moja inayoaminika pande zote. Yaliyoyapata mahindi yatavipata pia vinywaji siku Juba itakapokuwa na msiba wake wa Kabale. Mpaka utafungwa kwa wote, na mwenye risiti halali atakaa foleni moja na mghushi.

Kwa hiyo linalostahili kudaiwa ni jambo moja na linawezekana: muhuri wa hiari wa Jumuiya kwa vinywaji vikali vinavyovuka mpaka. Kiwanda kinachoutaka kipimwe na maabara ya shirika la viwango la nchi yake, kila toleo lipewe namba, na namba hiyo iweze kukaguliwa kwa simu ya kawaida kwa ujumbe mfupi, iwe Busia, Elegu, Nimule au Munuki. Namba itaje asilimia ya pombe, kiwanda, tarehe ya toleo na matokeo ya kipimo cha methanoli. Mzigo wenye muhuri upite mpakani bila kufunguliwa tena wala kupimwa upya. Nafuu hiyo ya muda ndiyo itakayowavuta wenye viwanda, kama nafuu ya kodi ilivyowavuta wa Kentucky mwaka 1897.

Pingamizi la kwanza ni zito, na lina ukweli. Mfanyabiashara mdogo atasema kila karatasi mpya ni mkono mpya unaonyooshwa. Barabara ya Nimule imemfundisha kuwa ukaguzi mara nyingi ni jina lingine la malipo yasiyo na risiti. Hofu hiyo ni halali kabisa, na ndiyo sababu muhuri unapaswa kupunguza vituo vya ukaguzi badala ya kuviongeza. Ofisa anayedai kufungua mzigo wenye namba inayosomeka kwenye simu awe na maelezo ya kuandika kwa nini. Ikiwa muhuri utaletwa juu ya vizuizi vilivyopo, bila kuondoa hata kimoja, wafanyabiashara wana haki ya kuukataa.

Pingamizi la pili linatoka kwa wale wasio na kiwanda: akina mama wa Juba wanaopika siko na araki, ambao kwa fedha hiyo wamesomesha watoto na kulisha familia zilizokimbia vita. Watu hawa wamewahi kuonja ukali wa dola. Baada ya sheria za Septemba 1983, serikali ya Nimeiri ilimwaga vileo kwenye mto Nile jijini Khartoum, na kwa miaka mingi wanawake kutoka kusini walifungwa jela huko kwa kosa la kupika pombe. Kampeni mpya ya kuvunja mitungi haitamwokoa mtu. Itawasukuma wapishi gizani, na gizani ndiko methanoli inakouzwa.

Majirani wamejaribu njia mbili zenye funzo. Uganda, katika miaka ya 1960, iliweka utaratibu wa enguli, yaani gongo la kienyeji, kununuliwa na kiwanda chenye leseni, kukenekwa upya na kusafishwa, na humo ikatoka chapa ya Uganda Waragi. Kenya iliihalalisha chang'aa kwa sheria ya mwaka 2010, lakini ikaweka masharti ya leseni na chupa za kioo ambayo mpishi mdogo hakuyamudu. Sheria ikabaki vitabuni na jerikeni zikabaki mitaani. Juba ikitaka kuwasaidia wapishi wake, njia ya kuwanunulia na kusafisha ina matumaini zaidi kuliko njia ya kuwapa masharti ya tajiri. Ushirika wa wapishi unaouza kwa msafishaji mmoja mwenye kipimo unaweza kuomba muhuri uleule, na siku moja siko ya Juba ivuke Nimule kuelekea kusini.

Hayo ni ya serikali na mabaraza, na hayatakuja kesho. Mfanyabiashara wa leo ana mambo ya kufanya kesho asubuhi. Anunue kwa wakala anayetoa risiti yenye jina, tarehe na namba ya toleo, na aitunze mpaka katoni ya mwisho iishe, kwani siku ya matatizo risiti ndiyo itakayomtenga na mghushi. Alinganishe namba ya toleo kwenye katoni na iliyo kwenye chupa. Atazame mfuniko: pete iliyokatika, gundi iliyofurika, lebo iliyopinda, ujazo unaotofautiana kati ya chupa na chupa. Aikimbie bei iliyo chini mno, kwa sababu kodi, nauli na kioo vina gharama ambayo mghushi pekee ndiye asiyeilipa. Na chupa tupu za vinywaji vya bei ghali azivunje au aikwaruze lebo kabla ya kuzitupa. Chupa tupu ya bourbon yenye lebo nzima ni malighafi ya mghushi. Akiinunua kwa wakusanya taka, inarudi sokoni wiki ijayo ikiwa imejaa, na ikiwa kali kama zamani.

Asiyekunywa anaweza kuona haya hayamhusu. Lakini anayeuza saruji, mafuta ya kupikia au dawa kupitia Elegu anabeba tatizo lilelile katika chupa nyingine: mnunuzi wa mwisho hana njia ya kujua kilichomo, na hutegemea neno la mtu aliye kilomita mia kadhaa kusini. Soko la pamoja maana yake ni kwamba neno hilo likitolewa Kampala liaminike Munuki. Mpaka sasa Munuki inaambiwa ionje yenyewe, na ulimi hauna uwezo wa kazi hiyo.